Koma, Mkwaju na Ritifaa: Kuingiza Data ya Lugha katika Lahajedwali

Mtafiti wa lugha za Kiafrika hafiki mbali siku hizi kabla hajakabidhiwa faili ya matini ambayo vipashio vyake vimetenganishwa kwa koma. Orodha ya msamiati iliyokusanywa nyanjani kwa simu, faharasa iliyotolewa katika programu ya kutungia kamusi, jedwali la wasailiwa wa utafiti wa isimujamii, hesabu ya maneno ya kongoo: yote hayo aghalabu humfikia katika umbo hilo. Naye, pasipo kuwaza sana, huibofya faili mara mbili, lahajedwali hufunguka, na kazi huanza. Madhumuni ya makala haya ni kueleza kinachotendeka katika muda ule mfupi baina ya kubofya na kufunguka, kwa sababu ndipo data ya lugha inapoharibika, tena inaharibika kimya kimya, bila onyo, na mara nyingi bila njia ya kurudi.

Hoja yetu ni kwamba lahajedwali haliisomi faili ya matini, bali huifasiri. Na fasiri yake ni ya mhasibu, wala si ya mwanaisimu. Mtu asiyelijua jambo hili ataona ajabu kwamba ngeli zimegeuka tarehe na viambishi vimegeuka makosa ya hesabu. Anayelijua atajifunza kuinyima programu ruhusa ya kufasiri.

Asili ya tabia hii si fumbo. Lahajedwali la kwanza kuenea, VisiCalc, liliundwa na Dan Bricklin na Bob Frankston na likatolewa mwaka wa 1979 kwa ajili ya tarakilishi ya Apple II. Lotus 1-2-3 likafuata mwaka wa 1983, na Excel likatokea mwaka wa 1985 kwa Macintosh kabla ya kuletwa katika Windows mwaka wa 1987. Yote yalikusudiwa watu wa bajeti, mauzo na mishahara. Kwa mtu wa namna hiyo, chochote kinachofanana na tarakimu ni tarakimu, na chochote kinachofanana na tarehe ni tarehe. Kumlazimisha atamke hivyo kila mara kungekuwa ni kumsumbua. Hivyo programu ikafundishwa kubahatisha. Kwa mhasibu inabahatisha vyema, hilo halina ubishi.

Umbo lenyewe la data iliyotenganishwa kwa koma (tunayoiita koma, na wengine mkato au kipumuo) ni la kale zaidi ya lahajedwali. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 programu za Fortran za IBM ziliweza kusoma orodha za namna hiyo. Hata hivyo, mwongozo wa pamoja wa kuieleza kanuni yake haukuandikwa hadi Oktoba 2005, katika waraka ujulikanao kwa nambari RFC 4180, na waraka huo wenyewe ni wa kuarifu tu. Kwa zaidi ya miaka thelathini, basi, kila mtunga programu alifuata desturi yake. Ndiyo maana faili mbili zenye jina la aina moja huweza kutofautiana katika mambo ya msingi kabisa.

Tuchukue mfano mdogo. Mtafiti amekusanya msamiati wa Kiswahili na wa Kikuyu pamoja, na faili yake ina mistari hii:

neno,ngeli,mfano,maana
ng'ombe,9/10,1.10,"mnyama afugwaye kwa maziwa, nyama na ngozi"
ulimi,11/10,1.11,kiungo cha kuonjea na kutamkia
mũndũ,1/2,1.12,mtu
mũtĩ,3/4,1.13,mti
-ni,,1.14,kiambishi tamati cha mahali

Kwa jicho la binadamu, hakuna neno hapo lenye utata. Kila mstari una vipashio vinne. Katika mstari wa ng'ombe, maana imefungwa kwa alama za mtajo kwa kuwa ndani yake mna koma isiyokuwa kitenganishi. Na katika mstari wa kiambishi, koma mbili zinazofuatana zaonyesha kwamba nafasi ya ngeli ni tupu. Sasa tutazame programu itafanya nini.

Ngeli zinapogeuka tarehe

Tangu enzi za Bleek na Meinhof tumezoea kuzipa ngeli za Kibantu nambari, na kuandika jozi ya umoja na wingi kwa mkwaju: 1/2, 3/4, 9/10. Kwa bahati mbaya, hiyo hiyo ndiyo sura ya tarehe. Excel likifungua faili yetu kwa kubofywa tu, mũndũ hatakuwa tena wa ngeli ya 1/2 bali wa tarehe 1 Februari; mũtĩ utakuwa wa tarehe 3 Aprili; ng'ombe atakuwa wa tarehe 9 Oktoba. Hivyo ndivyo ilivyo iwapo tarakilishi imepangwa kwa desturi ya Kenya au ya Uingereza, ambapo siku hutangulia mwezi. Iwapo imepangwa kwa desturi ya Marekani, nazo ni nyingi zinazouzwa zikiwa hivyo na kutumiwa bila kubadilishwa, ng'ombe huyo huyo atakuwa wa tarehe 10 Septemba, na ulimi, badala ya 11 Oktoba, utakuwa wa 10 Novemba.

Yafaa msomaji aelewe kwamba si sura tu iliyobadilika. Ndani ya seli hamna tena mkwaju wala nambari mbili. Mna nambari moja, nayo ni hesabu ya siku tangu mwanzo wa mwaka wa 1900. Kwa kuwa jozi yetu haikutaja mwaka, programu huongeza mwaka uliopo wakati wa kufungua. Faili iliyofunguliwa mwaka wa 2024 huweka 45323 mahali pa 1/2. Ikifunguliwa upya mwaka wa 2025 huweka 45689. Orodha moja, neno moja, ngeli moja, na nambari mbili zisizohusiana na lolote tunalolijua katika isimu. (Hesabu hiyo ya siku ina kasoro yake pia: Excel huamini kwamba kulikuwa na tarehe 29 Februari 1900, siku ambayo haikuwako. Kasoro hiyo ilirithiwa kwa makusudi kutoka Lotus 1-2-3 ili majedwali ya zamani yasipingane na mapya. Tunaitaja ili msomaji aone jinsi mazoea ya watu wa hesabu yanavyoweza kudumu.)

Huenda ikasemwa kwamba hasara hii yaweza kurekebishwa: mtu aone 3 Aprili, aandike 3/4, basi. Hoja hiyo ina ukweli kiasi. Ikiwa faili imepitia tarakilishi moja tu, na mpangilio wake unajulikana, ngeli zaweza kurejeshwa. Lakini data ya lugha mara chache hupitia mkono mmoja. Msaidizi mmoja akifungua nusu ya orodha katika mpangilio wa Kenya na mwingine nusu ya pili katika ule wa Marekani, kisha nusu hizo zikaunganishwa, seli yenye 10 Novemba haitasema yenyewe kama ilikuwa 11/10 au 10/11. Katika jozi za ngeli tunaweza kujisaidia kwa elimu ya sarufi, kwani twajua kwamba umoja hutangulia. Katika data nyingine, kwa mfano idadi ya majibu sahihi kati ya yote yaliyoulizwa, kama 3/5 au 5/8, hatuna sarufi ya kutuongoza.

Maradhi haya hayakuwapata wanaisimu peke yao. Wanabiolojia waliyagundua mapema, kwa kuwa baadhi ya jeni za binadamu ziliitwa kwa vifupisho kama SEPT1 na MARCH1, ambavyo lahajedwali lilivichukua kuwa siku za Septemba na Machi. Mwaka wa 2016 Mark Ziemann na wenzake walichapisha katika jarida la Genome Biology uchunguzi wa makala zilizoambatanishwa na orodha za jeni za Excel, wakakuta kwamba takriban moja katika kila tano ilikuwa na majina yaliyoharibika hivyo. Mwaka wa 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu iliamua kuyabadilisha majina yenyewe: SEPT1 ikawa SEPTIN1, na MARCH1 ikawa MARCHF1. Tujiulize ni jambo la ajabu kiasi gani kwamba taaluma nzima ilibadilisha istilahi zake ili zisikoseshwe na programu ya hesabu. Mwaka wa 2023 Microsoft iliweka katika Excel hiari ya kuzima mageuzi ya namna hiyo. Lakini ni hiari, na asiyejua kwamba ipo hataichagua. Sisi, kwa maoni yetu, hatuna haja ya kuacha mkwaju wa ngeli.

Mifano, viambishi na misimbo

Safu ya tatu ya faili yetu ina nambari za mifano. Mwanaisimu akiandika 1.10 anakusudia mfano wa kumi wa sura ya kwanza. Lahajedwali huona moja nukta moja, na sufuri ya mwisho, isiyo na thamani katika hesabu, hutupwa. Mfano wa 1.10 huwa 1.1, na kama orodha ina mfano wa 1.1 pia, sasa ipo miwili yenye nambari moja. Vivyo hivyo sufuri za mwanzo: msailiwa 007 huwa 7, na nambari ya simu inayoanza kwa 07 hupoteza sufuri yake. Nambari ndefu nazo hupunguzwa, kwani Excel huhifadhi tarakimu 15 tu zenye thamani. Ya 16 na zinazofuata hugeuzwa kuwa sufuri. Msimbo kama 3E2 huchukuliwa kuwa tatu mara mia. Misimbo ya Guthrie, kama G42d ya Kiunguja au E51 ya Kikuyu, imeokoka kwa kuwa huanza kwa herufi.

Kiambishi -ni nacho kina msiba wake. Kistari mwanzoni mwa seli, katika lugha ya lahajedwali, ni alama ya kutoa. Kwa hiyo programu hudhani kwamba imeletewa fomula, hutafuta kitu kiitwacho ni ili ikitoe, haikioni, na badala ya kiambishi huonyesha alama ya kosa ya kwamba jina halijulikani. Mashina ya vitenzi yaliyoandikwa kama katika kamusi, -soma, -pika, -lima, hupatwa na hayo hayo. Na wale wanaofuata desturi ya kuonyesha viangami kwa alama ya usawa, wakaandika =je, wako hatarini zaidi, maana alama hiyo ndiyo mlango rasmi wa fomula. Alama za kujumlisha na ya @ zimo katika kundi hilo. Kinyota tunachokitumia kwa tungo zisizokubalika hakidhuru.

Herufi zenye alama

Kiswahili sanifu kina bahati kubwa, ambayo nadhani ndiyo iliyotuzoesha uzembe. Maandishi yake huhitaji herufi za kawaida za Kirumi tu, na herufi hizo zote zimo katika orodha ya ASCII iliyotolewa mwaka wa 1963 na ambayo, tangu ilipokamilishwa, ina nafasi 128. Matini ya Kiswahili yaweza kusafiri baina ya tarakilishi yoyote na nyingine bila kudhurika. Lugha jirani hazikubahatika hivyo. Kikuyu na Kikamba zina irabu saba, na maandishi yake hutenga i na ĩ, u na ũ kwa kiwimbi. Tofauti hiyo ni ya fonimu. Kimaasai, katika maandishi ya wanaisimu, huhitaji ɛ, ɔ, ɨ na ʉ. Mtaalamu wa toni huongeza alama juu ya hizo zote.

Leo herufi hizi zote zina mahali pake katika Yunikodi, iliyoanza kuchapishwa mwaka wa 1991, na namna ya kawaida ya kuzihifadhi ni usimbaji wa UTF-8 uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka wa 1992. Katika usimbaji huo, herufi ya ASCII huchukua baiti moja, na herufi kama ũ huchukua mbili. Excel, likifungua kwa kubofywa faili ya UTF-8 isiyo na alama maalumu ya utambulisho mwanzoni, hudhani kwamba imesimbwa kwa orodha ya zamani ya Windows, ambamo kila baiti ni herufi kamili. Kwa hiyo kila herufi yenye kiwimbi huonekana kama herufi mbili za kigeni: mũndũ husomeka mÅ©ndÅ©, na mũtĩ husomeka mÅ©tÄ©. Hili angalau ni kosa lenye kelele. Anayeliona hushtuka, na akiacha kuhifadhi faili anaweza kurudi nyuma bila hasara. Hatari iliyo kubwa zaidi ni pale mtu anapohifadhi jedwali jema kwa umbo la koma la zamani, lisilo la UTF-8. Herufi zisizokuwamo katika orodha ya zamani hazina pa kuwekwa. Aghalabu mahali pake huandikwa alama ya kuuliza, na hakuna programu iwezayo kutambua baadaye kama alama hiyo ilikuwa ĩ au ũ.

Kuna jambo la ndani zaidi, ambalo wengi hawalijui. Herufi ũ yaweza kuandikwa kwa njia mbili: kama herufi moja yenye nambari yake katika Yunikodi, au kama u ya kawaida ikifuatwa na kiwimbi kinachoelea juu yake. Kwa jicho ni kitu kimoja, ila kwa tarakilishi ni vitu viwili. Mtafiti akihesabu maneno katika lahajedwali, mũndũ wa kibodi moja na mũndũ wa kibodi nyingine watakuwa watu wawili. Anayeweka alama za toni juu ya ĩ hana budi kutumia alama ielayo kwa hiyo toni, kwani herufi moja yenye kiwimbi na toni pamoja haipo. Shauri letu ni kwamba mradi uamue tangu mwanzo njia moja, na faili zote zigeuzwe kuifuata kabla ya kuhesabu chochote.

Hata Kiswahili hakikuokoka kabisa, kwa sababu ya ritifaa. Neno ng'ombe laweza kuandikwa kwa ritifaa iliyonyooka ya kibodi. Au kwa ile iliyopinda, ambayo programu za kuandikia barua huiweka zenyewe bila kuulizwa. Au kwa alama maalumu ambayo Yunikodi imeitenga ili ihesabiwe kuwa herufi. Ng'ombe hao watatu hawafanani machoni pa lahajedwali. Tena ile iliyopinda, ikisomwa kwa orodha ya zamani, hutoa ngâ€™ombe. Katika kongoo lililochotwa magazetini na vitabuni pamoja, tofauti hii hupotosha hesabu ya marudio ya ng'oa, ng'ara, ng'ambo na mamia ya mengine, na anayetafuta kwa ritifaa moja hupata sehemu tu ya anayoyatafuta.

Koma ya jirani

Tumesema kwamba maana ya ng'ombe ilifungwa kwa alama za mtajo. Kanuni ya RFC 4180 ni kwamba kipashio chenye koma, alama ya mtajo au mwisho wa mstari ndani yake sharti kifungwe hivyo, na alama ya mtajo iliyomo ndani iandikwe mara mbili. Fasili za kamusi zimejaa koma. Mtunzi wa faili akisahau kuzifunga, nyama na ngozi ya ng'ombe huhamia safu ya tano isiyokuwapo. Kwa kazi ya leksikografia twapendelea kitenganishi kiwe kichupo badala ya koma, kwa kuwa mtu haweki kichupo ndani ya fasili ila kwa ajali.

Wenzetu wa Bujumbura na Lubumbashi wana shida ya aina nyingine. Tarakilishi zilizopangwa kwa Kifaransa hutumia koma mahali pa nukta ya desimali, na kwa sababu hiyo Excel huko hutarajia vipashio vitenganishwe kwa nukta na mkato. Faili iliyotoka Nairobi, ikibofywa kule, hurundika kila mstari mzima katika safu moja. Na yao, ikibofywa hapa, hufanya vivyo hivyo. Wala faili haina kosa. Kwa wanaoshughulikia matini za Kiswahili kwa hati za Kiarabu kuna faraja ndogo: koma ya Kiarabu ni alama tofauti katika Yunikodi, na lahajedwali haliihesabu kuwa kitenganishi. Beti zilizoandikwa kwa hati hiyo zaweza kubeba koma zake salama.

Namna ya kuingiza

Baada ya kueleza maradhi, dawa yenyewe ni fupi. Kwanza, faili ifunguliwe kwa programu sahili ya matini, ile isiyo na mapambo, na mistari michache ya mwanzo itazamwe: kitenganishi ni kipi, fasili zimefungwa au la, herufi zenye alama zasomeka au la. Programu nyingi za namna hiyo huonyesha pia jina la usimbaji.

Pili, faili isibofywe. Lifunguliwe lahajedwali tupu, na data iletwe kwa amri ya kuingiza kutoka faili ya matini, inayopatikana chini ya menyu ya data. Katika dirisha litakalojitokeza mna maswali matatu, nayo yajibiwe kwa uangalifu. Kwa usimbaji, achaguliwe UTF-8, ambayo katika Excel ina nambari 65001. Kwa kitenganishi, ichaguliwe alama iliyoonekana katika hatua ya kwanza. Swali la tatu, la aina ya data, ndilo lenye uzito kuliko yote. Excel la sasa huuliza kama litambue aina kwa kutazama safu za mwanzo au faili nzima. Jibu la mwanaisimu ni kwamba lisitambue kabisa. Data yote huingia basi kama matini, ngeli zikabaki ngeli na -ni ikabaki -ni. Huenda mstari wa vichwa ukaingia kama mstari wa kawaida, na itabidi programu iambiwe kwamba huo ndio wa vichwa. Katika matoleo ya zamani yenye hatua tatu za kuongozwa, ni katika hatua ya tatu ambapo safu zote huchaguliwa pamoja na kupewa aina ya matini.

LibreOffice Calc, ambalo hupatikana bila malipo, lina adabu zaidi: hata likibofywa huuliza maswali haya kabla ya kufungua, na safu zote zaweza kutiwa alama ya matini hapo hapo. Kwa idara isiyo na fedha za leseni, na hata kwa iliyo nazo, sisi tungelipendekeza hilo kwa kazi hii. Katika lahajedwali la Google yatosha kuondoa alama ya kukubali kwamba matini igeuzwe kuwa nambari, tarehe na fomula.

Safu zinazohitaji kuhesabiwa kweli, kama umri wa msailiwa au idadi ya marudio, zigeuzwe kuwa nambari baadaye, moja baada ya nyingine, kwa amri ya mtafiti mwenyewe.

Tatu, pawe na ukaguzi. Idadi ya safu mlalo ilinganishwe na idadi ya mistari ya faili ya asili. Jambo hili si la kupuuzwa: umbo la zamani la Excel lilikuwa na nafasi ya safu mlalo 65,536 tu, na umbo la tangu mwaka wa 2007 lina 1,048,576. Nchini Uingereza, mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba 2020, karibu visa 16,000 vya ugonjwa wa korona vilikosekana katika hesabu za kila siku kwa kuwa faili za umbo la zamani zilijaa. Orodha ya maneno ya kongoo kubwa yaweza kupita hata kikomo kipya, na hapo lahajedwali si chombo chake. Kisha zitafutwe herufi Ä, Å na â, ambazo katika lugha zetu nyingi hazina kazi na ambazo uwepo wake ni dalili ya usimbaji uliokosewa. Mwisho yatazamwe mapambizo ya seli: matini kwa kawaida hujipanga kushoto, nambari na tarehe hujipanga kulia. Safu ya ngeli yenye seli iliyoegemea kulia ina ng'ombe aliyegeuka Oktoba.

Faili ya asili isiguswe. Ihifadhiwe mahali pa kusomwa tu, pamoja na ukurasa mmoja wa maelezo utajao usimbaji, kitenganishi, ritifaa iliyokubaliwa, njia iliyotumiwa kuandika herufi zenye alama, na maana ya kila safu. Kazi ifanyike katika nakala, kwa umbo la lahajedwali lenyewe. Na inapobidi kurudisha matini yenye koma, ichaguliwe aina ya UTF-8, ambayo Excel limekuwa nayo tangu mwaka wa 2016 na ambayo huweka alama ya utambulisho mwanzoni mwa faili. Anayeipokea faili hiyo na kuibofya mara mbili ataziona irabu saba za Kikuyu zikiwa kamili. Ngeli zake bado zitageuka tarehe.